Mwalimu Nyerere na Jumuiya ya Madola

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Aliiongoza Tanganyika hadi uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, nayo ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Desemba 1965 alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kutouzima uasi wa walowezi wa Rhodesia. Tanzania ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5, lakini haikujitoa Jumuiya. Ubalozi ulirejeshwa mwaka 1968. Mwalimu, aliyeishi Msasani, kaskazini mwa Dar es Salaam, alifariki mwaka 1999. Mtahiniwa, kumbuka: aligombana na Uingereza, si na Jumuiya. Usivichanganye viwili hivyo katika jibu lako.