Mwenye Heri Anuarite na Malezi ya Nyumbani

Mtoto huanza kufundishwa kabla hajaingia shuleni. Shule yake ya kwanza ni jiko la mama yake, shamba la jamaa, na moto wa jioni ambapo babu na bibi huketi pamoja na wajukuu. Hapo hujifunza kusalimu, kugawana chakula, kunyamaza wazee wasemapo, na kuomba radhi akikosa. Lakini katika nyumba ile ile mtoto huweza pia kuona magomvi na machozi. Maisha ya Mwenye Heri Anuarite yaonyesha jinsi mtu apokeavyo mema ya wazazi wake, na jinsi asivyopaswa kulipa maumivu aliyoyapata kwao.

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939, huko Matali, karibu na Wamba, katika nchi ya misitu iliyo kaskazini-mashariki ya Kongo. Jamaa yake walikuwa Wabudu. Baba yake aliitwa Amisi, na mama yake aliitwa Isude. Walizaa mabinti sita, naye alikuwa wa nne.

Kwa watu wetu jina si sauti tupu. Ni fundisho ambalo wazee humpa mtoto ili limfuate siku zote. Huyu aliitwa pia Nengapeta, na maana yake katika lugha ya kwao ni kwamba mali hudanganya. Jina la Anuarite nalo lina maana ya mtu anayeicheka vita. Majina yote mawili yalikuja kutimia katika maisha yake.

Mama Isude hakuwatuma watoto kwenye dini huku yeye mwenyewe akibaki nyuma. Alijifunza mafundisho, naye akabatizwa mwaka 1943 pamoja na mabinti zake. Anuarite, ambaye alikuwa bado mtoto mdogo, alipewa jina la Alphonsine. Hivyo alimwona mama yake akiinama mbele ya Mungu kabla yeye mwenyewe hajajua kusoma. Fundisho la namna hii halisahauliki upesi, maana mtoto hufuata nyayo azionazo kuliko maneno ayasikiayo.

Lakini msiba uliingia nyumbani. Amisi alitamani mtoto wa kiume, naye hakumpata kwa Isude. Kwa sababu hiyo alimfukuza mkewe, akaoa mwanamke mwingine. Watu wengi wanajua uchungu wa jambo hili. Mama hulaumiwa kwa kuwa amezaa wasichana tu, kana kwamba msichana si zawadi ya Mungu. Anuarite alikuwa mwepesi wa kuumia moyoni, na jambo hili lilimhuzunisha sana. Alikuwa na haki ya kulia. Hata hivyo hakumfanya baba yake kuwa adui, alimsamehe. Pengine hilo ndilo somo gumu kuliko yote aliyoyapata nyumbani, wala hakuna aliyemwandikia ubaoni.

Alisoma katika shule ya misioni, akawapenda masista na kazi zao. Akatamani kuwa mtawa katika shirika la masista wa Jamaa Takatifu, huko Bafwabaka. Mama yake hakukubali. Siku moja lori lilikuja kuwachukua wasichana waliokwenda kuanza maisha ya kitawa. Anuarite alipanda pamoja nao bila kumwaga mama yake. Isude alimtafuta siku kadhaa, na alipojua mahali alipo, hakumrudisha kwa nguvu. Ni kweli kwamba mtoto hupaswa kuwatii wazazi wake, tena Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu. Lakini Mungu aitapo, hata wazazi wenyewe hutii. Isude alilazimika kujifunza hayo kwa binti yake.

Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Wazazi wake walihudhuria, wakatoa mbuzi wawili kuonyesha furaha yao. Siku ile Amisi na Isude waliokuwa wametengana walionekana pamoja kwa ajili ya mtoto wao. Baadaye mama alitamani arudi nyumbani ili aisaidie jamaa. Anuarite alimpenda mama yake, lakini hakuiacha ahadi yake. Jina la Nengapeta lilikuwa limekwisha kumfundisha kwamba mali si kitu cha kwanza.

Huko Bafwabaka alikuwa mwalimu wa watoto. Alipamba kanisa, akasaidia jikoni, wala hakuchagua kazi. Aliyekuwa amelelewa kwa jembe na chungu hakuona haya kushika jembe na chungu katika nyumba ya watawa.

Mwaka 1964 vita vya Wasimba viliifunika nchi. Tarehe 29 Novemba askari walifika Bafwabaka, wakawapakia masista na wasichana wao katika lori, wakawapeleka mpaka mji wa Paulis, ambao leo huitwa Isiro. Mkubwa mmoja wa askari alitaka kumchukua Anuarite awe mke wake. Alikataa, kwa sababu alikuwa amemwahidia Mungu usafi wake. Usiku ule Kanali Olombe alitaka kumchukua kwa nguvu, akampiga vikali pamoja na sista mwenzake. Katikati ya mapigo Anuarite alimwambia kwamba amemsamehe, kwa kuwa hajui atendalo. Kisha askari wakamchoma kwa visu, naye Olombe akampiga risasi. Alikufa usiku huo, tarehe 1 Desemba 1964, akiwa na umri wa miaka 24. Mfukoni mwake alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria.

Msamaha kama huo ni neema ya Mungu. Lakini neema hupenda kuingia katika moyo uliokwisha kulimwa. Msichana aliyemsamehe baba yake katika nyumba iliyovunjika alikuwa amekwisha kuanza njia ile iliyomfikisha Isiro.

Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa, na kwa jina la Kanisa alimsamehe aliyemwua. Kesho yake Papa alifika Lubumbashi. Sikukuu ya Anuarite ni tarehe 1 Desemba, nayo yawahusu wakristu wa Naviundu na wa Lubumbashi nzima kama iwahusuvyo wale wa Wamba.

Mkatekumeni anayejitayarisha kwa batizo na atazame nyumba aliyotoka. Mema ambayo babu, bibi, baba na mama walimpa, na ayashike na kuwashukuru wangali hai, au awaombee kama wamekufa. Na kama ameumizwa na mmoja wao, asiulete uchungu ule mpaka kwenye maji ya batizo. Na aende kwanza kupatana naye. Na asipoweza kumfikia, amsamehe moyoni mbele ya Yezu Kristu. Na mzazi aliyejaliwa mabinti tu awapokee kwa furaha, akikumbuka kwamba Mwenye Heri huyu alikuwa binti wa nne katika nyumba isiyo na mtoto wa kiume.