Browning na risasi iliyodumu jeshini kwa miaka 74

JOHN Moses Browning alikuwa na umri wa miaka 49 mnamo 1904 alipokuwa akiunda risasi mpya ya bastola kwa ajili ya kampuni ya Colt ya Marekani. Tayari alikuwa tajiri na jina lake lilijulikana pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Lakini kazi hiyo ilimwingiza katika ubishi ambao haukuanza naye wala haukumalizika alipofariki: jeshi lililo na maghala yaliyosheheni risasi linazozijua lina sababu gani ya kuziacha na kuchukua nyingine?

Mvumbuzi huyu alizaliwa Januari 1855 mjini Ogden, jimbo la Utah, katika jamii ya Wamormoni. Babake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki aliyezaa watoto 22, na kijana John alikulia katika karakana akichezea vipande vya vyuma chakavu. Akiwa bado mvulana aliunda bunduki yake ya kwanza. Mwaka wa 1879 alipata hataza ya bunduki ya kufyatua risasi moja moja, na miaka minne baadaye kampuni ya Winchester ikainunua kwa dola 8,000, pesa nyingi mno siku hizo. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata, Winchester ilinunua takriban kila kitu alichobuni, vingine ili tu visiangukie mikononi mwa washindani.

Uhusiano huo ulivunjika mwaka wa 1902. Browning alikuwa amebuni bunduki ya marisau iliyojipakia yenyewe na akataka alipwe sehemu ya mapato ya kila bunduki itakayouzwa, badala ya malipo ya mara moja. Winchester ilikataa. Akaenda kwa kampuni ya Remington, na siku hiyo hiyo akisubiri kumwona rais wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, akaarifiwa kuwa mzee huyo amefariki. Browning alipanda meli hadi Ubelgiji, kwa kiwanda cha FN kilichoko Herstal, kando ya mji wa Liège, ambacho tayari kilikuwa kikitengeneza bastola zake.

Ni huko Ubelgiji alikoonyesha jinsi risasi mpya inavyoweza kulitwaa soko. Bastola yake iliyotoka mwaka wa 1900 ilitumia risasi ndogo ya milimita 7.65 aliyoibuni mwenyewe. Haikuwa na nguvu nyingi, lakini bastola ilikuwa bapa, nyepesi na rahisi kufichwa mfukoni. Polisi na raia wa Ulaya waliipenda kiasi kwamba katika Kifaransa neno browning likawa jina la kawaida la bastola. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, FN ilikuwa imeuza zaidi ya bastola milioni moja za Browning. Mnunuzi wa aina hiyo hakuwa na ghala la risasi za zamani la kuhurumia. Jeshi ni jambo jingine.

Jeshi la Marekani lilikuwa limejifunza somo hilo kwa uchungu. Mnamo 1892 liliacha bastola zake nzito za kipenyo cha inchi 0.45 na kuchukua nyepesi za inchi 0.38. Hoja zilikuwa nzuri: askari angelenga vyema zaidi kwa kuwa bastola haikumrusha mkono, na risasi zenyewe zilikuwa nyepesi kubeba. Kisha vikaja vita vya Ufilipino. Taarifa kutoka visiwa vya kusini zilisema kuwa wapiganaji wa Moro walipigwa risasi hizo mara kadhaa na bado wakazidi kuja, panga mkononi, hadi wakamfikia askari. Bastola kuukuu za inchi 0.45 zikatolewa maghalani na kupelekwa vitani.

Mwaka wa 1904 jeshi liliwateua maafisa wawili, John T. Thompson wa idara ya silaha na daktari Louis La Garde, kuchunguza suala hilo. Walikwenda kwenye machinjio ya Chicago wakawapiga ng'ombe risasi za aina mbalimbali, zikiwemo za milimita 9 za Mjerumani Georg Luger. Pia walizifyatulia maiti za binadamu zilizoning'inizwa ili kupima zinavyoyumba. Ripoti yao ilipendekeza bastola ya jeshi isiwe na kipenyo cha chini ya inchi 0.45.

Majaribio hayo yamesifiwa kupita kiasi. Wanyama walikuwa wachache, utaratibu ulibadilikabadilika kadiri kazi ilivyoendelea, na kuyumba kwa maiti hakusemi lolote kuhusu mtu aliye hai na mwenye hasira. Isitoshe, wanaoitaja ripoti hiyo husahau sehemu yake nyingine: Thompson na La Garde walisisitiza kuwa hakuna risasi ya bastola inayomwangusha mtu kwa hakika isipompata mahali penye uhai, na kwa hivyo askari wafunzwe kulenga bila kuchoka. Sehemu hiyo haikumsaidia mtu yeyote kuuza bastola.

Browning alikuwa akishughulikia risasi ya kipenyo cha inchi 0.41. Jeshi liliposema 0.45, aliipanua. Werevu wake ulikuwa katika ganda. Risasi ya zamani ya kipenyo hicho ilikuwa na ganda refu kwa sababu baruti nyeusi hujaza nafasi kubwa. Baruti mpya isiyotoa moshi ilihitaji nafasi ndogo tu, hivyo Browning alifupisha ganda likaingia ndani ya mpini wa bastola inayojipakia. Hatimaye kichwa cha risasi kilikuwa na uzani wa takriban gramu 15 na kasi ya mita 250 hivi kwa sekunde: kizito, kinene na cha mwendo wa pole, kikilinganishwa na kile cha Luger cha gramu 8 hivi kilichokwenda kwa mita 350.

Ushindani wa bastola zenyewe ulichukua miaka. Luger aliunda bastola yake ya inchi 0.45 ili ijaribiwe mwaka wa 1907, lakini kampuni yake ikajitoa na wakabaki Colt na Savage. Jaribio la mwisho lilikuwa Machi 1911: kila bastola ilifyatua risasi 6,000, na ilipopata moto kupita kiasi ilitumbukizwa majini. Bastola ya Savage ilikwama au kuharibika mara 37. Ile ya Browning haikukwama hata mara moja. Machi 29 mwaka huo jeshi likaikubali pamoja na risasi yake.

Gharama ya uamuzi huo ilionekana Marekani ilipoingia vitani mwaka wa 1917. Viwanda havikuweza kutoa bastola mpya kwa kasi iliyohitajika, ikabidi bastola za silinda zitengenezwe upya ili zitumie risasi ya Browning. Lakini ganda lake halikuwa na ukingo wa kulizuia lisizame ndani ya silinda, na ndipo vikabuniwa vibanio vya chuma vya umbo la nusu mwezi, kila kimoja kikishika risasi tatu. Hivyo ndivyo mambo huwa. Anayechukua risasi mpya huchukua pia mitambo mipya, vipuri vipya na kero zisizotarajiwa.

Wakati huo tayari Ulaya ilikuwa imeona kitu kingine. Mnamo Juni 28, 1914, Gavrilo Princip aliwaua mrithi wa ufalme wa Austria na mkewe mjini Sarajevo kwa bastola ya FN iliyobuniwa na Browning, iliyotumia risasi dhaifu ya milimita 9 fupi. Hakuna afisa yeyote wa ununuzi ambaye angeisifu risasi hiyo kwa nguvu.

Waingereza, waliotumia bastola nzito vita vyote hivyo, walifikia uamuzi ulio kinyume cha ule wa Wamarekani: baada ya vita walishuka hadi kipenyo cha 0.38, kwa sababu ile ile iliyotolewa Marekani mwaka wa 1892, kwamba askari asiye na mazoezi mengi huilenga bastola nyepesi vyema zaidi.

Browning mwenyewe hakuwa mfungwa wa risasi yake. Wafaransa walipotaka bastola ya jeshi yenye risasi nyingi, alianza kuunda ya milimita 9, akitumia risasi ya mshindani wake Luger. Alifariki Novemba 26, 1926, kwa ugonjwa wa moyo katika kiwanda cha Herstal alikokuwa akifanya kazi, akiwa na umri wa miaka 71 na hataza 128. Mbelgiji Dieudonné Saive aliikamilisha bastola hiyo, ikatoka mwaka wa 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13, karibu mara mbili ya zile saba za bastola ya 1911.

Jeshi la Marekani liliiacha risasi ya Browning mwaka wa 1985 na kuchukua ya milimita 9, ambayo tayari ilitumiwa na washirika wake wa NATO. Hata hivyo ubishi haukuisha. Baada ya maafisa wawili wa shirika la upelelezi la FBI kuuawa kwenye ufyatulianaji mjini Miami mnamo 1986, shirika hilo lililaumu risasi ya milimita 9, likahamia ya milimita 10, kisha ya inchi 0.40 iliyozinduliwa mwaka wa 1990. Robo karne baadaye lilirudi kwa milimita 9, likieleza kuwa vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa na maafisa wake walilenga vyema zaidi kwa bastola isiyoruka sana mkononi.

Bastola ya Ceska, ambayo msomaji wa habari za polisi na mahakama nchini Kenya amelizoea jina lake, imo katika historia hiyo. Modeli yake maarufu, CZ 75, hutumia risasi ya Luger. Lakini namna mtutu wake unavyojifunga na kujifungua ndani ya chuma kila inapofyatuliwa ni mpango uliotokana na kazi ya Browning.