Xie Xide: Alirudi Nyumbani, Akalipia

Hebu itazame hiyo simu uliyoshika. Ndani yake kuna chipu, na ndani ya chipu kuna silikoni iliyotengenezwa kwa ustadi hadi ikakubali kupitisha umeme pale unapotakiwa na kuuzuia pale usipotakiwa. Kitu cha aina hiyo huitwa semikondakta. Leo China ni mchezaji mkubwa kwenye biashara hiyo, lakini miaka ya hamsini mwanzoni, wataalamu wake wa mambo hayo ungewahesabu kwa vidole. Mmoja wa waliobadilisha hali hiyo ni mama mmoja aliyekuwa na mguu usiokunjika. Jina lake Xie Xide.

Xie ndilo jina la ukoo, usichanganyikiwe. Alizaliwa 1921 mjini Quanzhou, mkoa wa Fujian. Babake, Xie Yuming, alikuwa mwanafizikia, kwa hivyo hesabu hazikuwa ngeni kwao. Lakini 1937 Japan ikavamia China, familia ikawa ya kukimbia huku na kule. Msichana akiwa ndio anamaliza sekondari, kifua kikuu kikamshika kwenye mfupa wa nyonga. Wakati huo dawa ya maana haikuwepo. Alilala kitandani karibu miaka minne. Fikiria, miaka minne! Umri ambao wewe unangoja kwenda chuo, yeye anaangalia dari. Alisoma vitabu akiwa pale pale, na 1942 akajiunga na Chuo Kikuu cha Xiamen, ambacho nacho kilikuwa kimekimbilia bara kwa sababu ya vita. Akamaliza 1946.

Mwaka uliofuata akaenda Marekani. Shahada ya uzamili akaipata Smith College 1949, kisha 1951 akatoka na udaktari wa fizikia kutoka MIT. Kwa lugha ya mtaani, alikuwa ameomoka. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Wakomunisti walikuwa wameshika serikali China mwaka wa 1949, na Xie akataka kurudi akasaidie kujenga nchi. Babake, aliyekuwa Ufilipino, akakataa katakata. Marekani nayo ilikuwa vitani Korea, na haikuwaruhusu wanafunzi wa sayansi kutoka China warudi kwao. Alichofanya ni kuzunguka: akaenda Uingereza, ambako mchumba wake Cao Tianqin, mwanabiokemia, alikuwa Cambridge. Wakaoana 1952, wakapanda meli, na mwaka huo huo wakatua Shanghai. Babake alifariki 1986. Baba na binti hawakuonana tena.

Xie alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Fudan. Hakukuwa na vitabu vya kutosha kwa lugha yao, basi akawa anaandika maelezo ya masomo mwenyewe. 1956 akaitwa Beijing kufanya kazi na Huang Kun, bingwa mwingine wa fizikia ya vitu yabisi, kuwafunza wanafunzi waliokusanywa kutoka vyuo kadhaa. Ili aende, alimwacha mwanawe wa miezi mitano Shanghai. 1958 yeye na Huang wakatoa kitabu cha fizikia ya semikondakta, na vijana wale wakatawanyika nchini kuanzisha maabara na kufundisha wengine.

Ungetarajia nchi imshukuru, sivyo? 1966 yalianza Mapinduzi ya Kitamaduni, na wasomi wakageuzwa maadui. Mwaka huo huo Xie alikuwa amegunduliwa na saratani ya matiti. Alifungiwa ndani ya chuo chake mwenyewe, akaoshwa hadhi yote, akawekwa kusafisha vyoo. Daktari wa MIT huyo.

Miaka ya sabini alirudi darasani. Hakurudi kulipiza kisasi. Aliona dunia imewaacha mbali, akapigania utafiti wa fizikia ya nyuso, yaani namna atomu zinavyojipanga pale kitu kinapoishia, jambo ambalo ni muhimu sana kwa chipu. 1983 akawa rais wa Fudan, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu kikubwa kama hicho katika China mpya. Mumewe alipougua vibaya, yeye ndiye aliyemuuguza hadi alipofariki 1995. Naye Xie, baada ya saratani kumrudia, alifariki Machi 2000.

Ukiwaza kwenda majuu, au uko huko unawaza kurudi, usidanganywe kwamba kuna njia ya bure. Xie alichagua kurudi na akalipia: baba, afya, miaka yake mizuri. Lakini tazama alichofanya alipopata mamlaka. Hakuwafungia vijana mlango. Aliketi akawaandikia barua za mapendekezo, moja baada ya nyingine, ili waende kusoma Marekani, kule kule alikotoka yeye. Uamuzi wa kurudi aliwaachia wenyewe.