Jenerali Tombeur: kutoka mpaka wa Goma hadi Tabora

Jenerali Charles Tombeur, aliyeongoza askari wa Kongo kutoka Kivu hadi Tabora, Tanzania ya leo, mwaka 1916, anabaki mfano wa kile wanajeshi wanachokiita ngazi ya operesheni: kazi ya kuunganisha mapigano mbalimbali ili yote yafikishe jeshi kwenye lengo la vita.

Tombeur alizaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1867. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa kati ya viongozi wa utawala wa kikoloni huko Katanga. Vita vilipoanza, Wajerumani waliotawala Rwanda na Burundi waliteka kisiwa cha Idjwi, Septemba 1914. Baadaye, kwa zaidi ya mwaka mmoja, pande mbili zilitazamana kati ya Goma na Gisenyi. Askari walishambulia, wakarudi nyuma, wakafa. Mpaka haukusogea.

Serikali ya Ubelgiji, ambayo nchi yake karibu yote ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, ilitaka kupata ardhi ya kutumia katika mazungumzo ya amani. Lengo lilijulikana. Kazi ya Tombeur ilikuwa kutafuta njia ya kulifikia.

Hakuweka nguvu zake zote mbele ya Gisenyi. Kuanzia Aprili 1916, brigedi ya Kanali Molitor ilizunguka kaskazini, upande wa Uganda, ambako Waingereza walikubali kusaidia usafiri. Brigedi ya Olsen, afisa kutoka Denmark, ilivuka mto Ruzizi, kusini mwa ziwa Kivu. Kigali ilichukuliwa tarehe 6 Mei. Wajerumani wa Gisenyi, wakihofia kufungiwa njia nyuma yao, waliondoka.

Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilifuata tarehe 6 Juni, kisha Kigoma mwishoni mwa Julai. Olsen akafuata reli kuelekea mashariki, Molitor akashuka kutoka upande wa ziwa Victoria. Tarehe 19 Septemba, Tabora ikaanguka.

Mpango huo ulitegemea mabega ya wapagazi. Chakula, risasi na vipande vya mizinga vilibebwa na watu, milimani na porini. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, Wabelgiji walitumikisha wapagazi zaidi ya 200,000, wengi wakiwa wamechukuliwa vijijini kwa nguvu. Maelfu walikufa kwa njaa, magonjwa na uchovu. Kila mara jeshi lilipokwenda mbele haraka, mzigo wao ulikuwa mrefu zaidi.

Baada ya vita, Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Ubelgiji, na Tabora ikabaki kwa Waingereza. Tombeur alipewa cheo cha baroni, na jina la Tabora likaongezwa kwenye jina lake. Alifariki Brussels mwaka 1947. Wapagazi wengi waliokufa njiani hawajulikani hata majina.