Haroun Tazieff, mtu aliyeshuka ndani ya Nyiragongo

Wakaaji wa Bukavu waliopokea majirani kutoka Goma mwezi wa tano 2021 hawahitaji kufundishwa volkano ni kitu gani. Lakini mzungu mmoja aliyefanya Nyiragongo ijulikane duniani, wengi wamemsahau.

Haroun Tazieff alizaliwa Warsaw mwaka 1914, akakulia Ubelgiji. Alisomea kilimo, kisha jiolojia, na baada ya vita ya pili akaja kufanya kazi kwenye madini ya Katanga. Mwaka 1948 alikuwa Kivu wakati Kituro, karibu na Nyamulagira, ilipolipuka. Akaenda kuangalia, na kazi ya madini ikaishia pale. Ile mwaka aliona pia ziwa la moto ndani ya Nyiragongo, na baadaye akarudi mara nyingi, akishuka kwa kamba.

Kule chini alitafuta gazi. Kwake, gazi ndiyo injini ya volkano. Watu wa Goma, wanaoogopa mazuku tangu zamani, hawangebishana naye sana.

Kuna njia ingine, ya kimya. Magma ikipanda mlima unavimba, mbavu zake zinainama kidogo. Chukua nivo ya fundi wa nyumba, ile yenye tone la hewa. Kipima-mwinamo ni ndugu yake: ndani ya kioo kuna maji yanayopitisha umeme. Kikiinama, tone linasogea, waya za upande mmoja zinaloa kuliko za upande wa pili, na tofauti ya umeme inaandikwa. Kilicho kizuri kinaona hata ubao wa kilometa moja ukiinuliwa milimita moja upande mmoja. Jua tu linaweza kukidanganya, ndiyo sababu kinafukiwa.

Mwaka 1976, kule Guadeloupe, watu wapatao 70,000 walihamishwa. Tazieff alisema hakuna magma mpya, hatari hakuna. Alinyang'anywa cheo, na mlima haukutoa lava. Ulikuwa ujasiri, ilikuwa pia kamari na maisha ya watu. Miezi michache baadaye, tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, mbavu za Nyiragongo zilipasuka na ziwa la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Makumi ya watu walikufa. Alirudi tena kuchunguza.

Kuanzia 1984 paka 1986 alikuwa ndani ya serikali ya Ufaransa, akishughulikia majanga. Alifariki Paris mwaka 1998, kabla ya lava kuingia mu Goma 2002.

Mwaka 2021 vyombo havikuonyesha dalili ya wazi mbele ya mlipuko. Mlima wenye mdomo wazi, magma yake ikiwa tayari juu, hauvimbi sana kabla ya kupasuka. Ni baada ya lava kutoka ndipo matetemeko na kusogea kwa ardhi vilionyesha magma ikitembea chini ya Goma na chini ya ziwa Kivu, na watu wakaambiwa wahame. Wengine walipanda boti za Bukavu.