Clair Patterson: Mtafiti aliyeifichua risasi hewani

Mwanakemia Clair Patterson alianza kwa kutafuta umri wa dunia. Njiani akakutana na sumu ambayo mamilioni ya watu walikuwa wakiivuta kila siku pasipo kujua.

Alizaliwa Juni 2, 1922, katika mji mdogo wa Mitchellville, jimbo la Iowa, Marekani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi Oak Ridge, Tennessee, katika mradi wa siri wa bomu la atomiki. Huko ndiko alikokizoea chombo kiitwacho spektromita ya masi. Chombo hicho huzipa atomi chaji ya umeme na kuzipitisha penye nguvu ya sumaku. Atomi nyepesi hupinda zaidi kuliko nzito, nazo huweza kutenganishwa na kupimwa hata zikiwa chache mno.

Umri wa dunia

Baada ya vita, mwalimu wake katika Chuo Kikuu cha Chicago, Harrison Brown, alimkabidhi kazi ya kupima madini ya risasi ndani ya vimondo. Kwa kuwa urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana, uwiano wa aina za risasi ndani ya jiwe hueleza umri wake.

Hata hivyo, kila sampuli ilionesha risasi nyingi kupita kiasi. Patterson alibaini kuwa ziada hiyo ilitoka nje: kwenye vumbi, maji, vyombo, hata nywele na nguo. Alipohamia Taasisi ya Teknolojia ya California mwaka 1952, alijenga maabara safi ajabu, yenye hewa iliyochujwa. Mwaka 1956 akatangaza kuwa dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55, hesabu ambayo haijatenguka hadi leo.

Mvutano na wenye viwanda

Lilibaki swali: risasi hiyo yote imetoka wapi? Yeye na wenzake waligundua kuwa maji ya juu ya bahari yalikuwa na risasi nyingi zaidi kuliko ya kilindini, dalili kwamba uchafuzi ulikuwa wa karibuni. Mshukiwa mkuu alikuwa petroli, iliyokuwa ikitiwa risasi tangu miaka ya 1920 ili injini zisigonge.

Mwaka 1965 alichapisha makala akieleza kuwa miili ya Wamarekani ilibeba risasi takriban mara 100 ya kiwango cha asili. Wataalamu waliofadhiliwa na viwanda, wakiongozwa na Robert Kehoe, walishikilia kuwa kiasi hicho hakidhuru. Patterson alipoteza ufadhili, na mwaka 1971 akaachwa nje ya jopo la kitaifa lililochunguza risasi hewani, ingawa wachache walilijua suala hilo kumshinda.

Hakurudi nyuma. Mwaka 1969 yeye na wenzake walikuwa wameshaonesha kuwa risasi katika theluji ya Greenland iliongezeka kwa kasi baada ya 1940.

Urithi wake

Patterson alifariki Desemba 5, 1995, akiwa na umri wa miaka 73. Wiki chache baadaye, Januari 1996, Marekani ikapiga marufuku petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani.

Mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara yalikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 yakawa yametekeleza. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Lakini risasi haijaisha. Hakuna kiwango kijulikanacho kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa, kisha ukarejeshwa na Mahakama ya Juu ya Kenya Desemba 2024.