Mohamed Amin na Miaka Thelathini na Mitatu ya Camerapix

Kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayetamani kutengeneza filamu aghalabu huanza na harusi. Hukodi kamera, hurekodi maharusi, mahafali na mikutano ya hadhara, na pato la kazi hizo ndilo linaloigharimia filamu yake mwenyewe, ambayo pengine huchukua mwaka mzima kukamilika. Baadhi ya watu huiona njia hiyo kuwa ya unyonge. Hata hivyo, kimsingi ndiyo njia iliyopitiwa na Mohamed Amin, pengine mpigapicha mashuhuri kuliko wote waliopata kutokea Afrika Mashariki, tangu alipoiasisi kampuni ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963 hadi alipofariki dunia mwaka 1996. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kama maisha ya shujaa wa vita na njaa. Yanastahili kutazamwa pia kama maisha ya mwenye kampuni ndogo, aliyelazimika kutafuta kazi moja ili aweze kuigharimia nyingine.

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh, jijini Nairobi. Babake, Sardar Mohamed, alikuwa fundi mwashi kutoka Punjab aliyekuja kuajiriwa na shirika la reli. Baadaye familia ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko mtoto huyo alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie kuukuu iliyokwisha tumiwa na mwingine. Hakusomea upigaji picha katika chuo chochote. Alijifunza kwa kupiga, kusafisha picha mwenyewe na kuzipeleka magazetini, akiwa bado mwanafunzi. Miongoni mwa mambo aliyoyapiga mapema ni yale mashindano ya magari ya Safari, yaliyokuwa yakipita katika nchi za Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilimfunza kanuni ambayo hakuiacha maisha yake yote, kwamba picha ya habari ni kama samaki: ina bei siku ile ile ilipovuliwa.

Alipoifungua Camerapix hakuwa ametimiza hata umri wa miaka 20, au ndiyo kwanza alikuwa ameutimiza. Mtaji wake ulikuwa mdogo, na ofisi yake ndogo vilevile. Lakini aliligundua jambo ambalo wapigapicha wengi waliokuwa wameajiriwa hawakuwa na sababu ya kulifikiria. Mwandishi aliyetumwa kutoka Ulaya alikuja na kazi moja ya mwajiri mmoja. Mohamed Amin alifika kwenye tukio lile lile akiwa na kamera ya filamu pamoja na kamera za picha mnato, na katika dakika chache alizalisha bidhaa mbili au tatu: filamu kwa ajili ya televisheni, picha kwa ajili ya magazeti, na nyingine za kuwekwa kwa matumizi ya baadaye. Mikanda ilisafirishwa kwa ndege hadi London, kwa shirika la Visnews ambalo alilifanyia kazi kwa miaka mingi na hatimaye akawa mkuu wa ofisi yake ya Afrika. Alilipwa kwa kilichofika na kilichotumika. Mkanda uliochelewa uwanjani ulikuwa hasara yake mwenyewe.

Hali hiyo ndiyo inayoeleza ujasiri wake, ambao wengi wameuona kuwa ni wazimu. Mapinduzi ya Zanzibar yalipozuka tarehe 12 Januari 1964, takriban mwezi mmoja baada ya visiwa hivyo kupata uhuru, Mohamed Amin alikuwa miongoni mwa wanahabari wa mwanzo kufika huko. Picha zake ziliitangaza Camerapix kwa mara ya kwanza nje ya Afrika Mashariki. Lakini Zanzibar iliyompa jina ndiyo pia iliyomtia gerezani. Mwaka 1966 alikamatwa baada ya kupiga filamu ya mafunzo ya kijeshi yaliyosimamiwa na wakufunzi kutoka nchi za Kikomunisti, jambo ambalo serikali haikutaka lijulikane. Alizuiliwa kwa takriban mwezi mmoja katika gereza la Kilimamigu, akateswa, kisha akafukuzwa Tanzania. Inafaa kukumbukwa kwamba hakuandika makala yoyote ya kuishutumu serikali. Alionyesha tu kilichokuwapo, na hilo lilitosha.

Alirejea Nairobi, mji aliozaliwa, akaianza upya kampuni yake. Wateja wake wa Dar es Salaam aliwaacha nyuma. Alichobaki nacho ni ujuzi wake na jina lililoanza kufahamika London.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara iliyoitwa wakati huo Government Road. Mohamed Amin alifika upesi mno, akapiga filamu hata ndani ya gari la wagonjwa, mwanasiasa huyo akiwa anakata roho. Kwa kazi hiyo alitunukiwa tuzo ya mpigapicha bora wa mwaka wa televisheni nchini Uingereza. Hapa msomaji hawezi kuepuka swali zito. Je, ni halali mtu kushika kamera pale ambapo mwingine angeshika mkono wa anayekufa? Mohamed Amin alikwisha kulijibu kwa vitendo, na jibu lake halikubadilika hadi mwisho. Wakenya leo wanaijua siku hiyo kwa kuwa kulikuwa na mtu asiyeiweka kamera chini. Aidha, ni kweli kwamba msiba wa taifa uligeuka kuwa hatua ya mbele kwa kampuni yake. Mambo hayo mawili yanapaswa kusemwa kwa pamoja.

Miaka ya 1970 ilikuwa ya shughuli nyingi. Alimpiga picha Idi Amin mara kwa mara tangu jenerali huyo alipotwaa madaraka mwaka 1971, na kwa kuwa alikuwa Mwislamu, aliweza kuingia Makka na kuipiga picha ibada ya hija. Kutokana na kazi ya Makka kilitoka kitabu mwaka 1978. Kitabu hicho kina umuhimu mkubwa katika historia ya kampuni kuliko inavyodhaniwa, maadam kilionyesha njia ya kutoka katika utumwa wa habari za siku. Camerapix ikaanza kuchapisha vitabu vikubwa vya picha kuhusu nchi mbalimbali, Kenya ikiwa mojawapo mwaka 1982, akishirikiana na mpigapicha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley. Ilichapisha pia Selamta, jarida la abiria wa Shirika la Ndege la Ethiopia. Biashara ya namna hiyo haina mshindo wa bunduki wala tuzo. Kazi yake ni kuufanya mlango wa ofisi ubaki wazi katika miezi ambayo hakuna tukio la kuuza.

Ndipo ikaja njaa ya Ethiopia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1984, baada ya kuhangaikia vibali vya serikali iliyokuwa haipendi njaa hiyo ionekane, Mohamed Amin alifika Korem na Makele pamoja na Michael Buerk, mwandishi wa BBC. Alikuta maelfu ya watu wameketi katika baridi ya alfajiri wakisubiri chakula ambacho hakikuwapo, na wengine wakifunikwa sanda. Filamu yake ilitangazwa na BBC tarehe 23 Oktoba, kisha ikaonyeshwa na zaidi ya vituo 400 vya televisheni duniani. Wanamuziki wa Uingereza walirekodi wimbo wa kuchangisha fedha kabla ya mwezi wa Novemba kwisha. Wamarekani wakafuata mwaka 1985. Na tarehe 13 Julai mwaka huo tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia. Ni nadra mno katika historia ya filamu kwa dakika chache za mkanda kufungua maghala ya nafaka ya mabara mengine.

Pamoja na hayo, kazi ya Korem imeacha deni la aina mbili. La kwanza ni lile ambalo wahakiki wengi wamelitaja: baada ya mwaka 1984, sura ya Mwafrika katika televisheni za Magharibi ikawa ni sura ya mtoto mwenye njaa na mama asiye na sauti. Lawama hiyo haiwezi kubebeshwa mpigapicha peke yake, kwani waliochagua kuirudia sura hiyo miaka nenda miaka rudi walikuwa kwingine. Deni la pili linawahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili. Sauti iliyozisimulia picha za Korem kwa ulimwengu ilikuwa ya Mwingereza, kwa Kiingereza, na watazamaji wengi waliikumbuka sauti hiyo wakamsahau aliyeishika kamera. Vitabu vilivyoiweka Camerapix hai navyo viliandikwa kwa Kiingereza, kwa soko la nje. Mtu aliyezaliwa Eastleigh na kukulia Dar es Salaam aliiona Afrika Mashariki kwa karibu kuliko wengi, lakini Afrika Mashariki haikusimuliwa picha hizo kwa lugha yake. Mteja ndiye aliyelipa, na mteja ndiye aliyechagua lugha.

Mwanzoni mwa Juni 1991, siku chache baada ya utawala wa Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Mohamed Amin alikuwa akilipiga filamu. John Mathai, aliyekuwa akirekodi sauti kando yake, aliuawa papo hapo, naye akapoteza mkono wa kushoto. Jina la Mathai halitajwi mara nyingi inavyostahiki. Katika kampuni ndogo mrekodi sauti husimama hatua chache tu kutoka kwa mpigapicha, na hatari ni moja ingawa sifa si moja. Mohamed Amin alitengenezewa mkono wa bandia, akajifunza upya kuishika kamera, akarudi kazini. Mwaka 1992 malkia wa Uingereza alimtunuku nishani ya MBE.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Shirika la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, akiwa na Brian Tetley. Shirika hilo ndilo ambalo jarida lake lilichapishwa na Camerapix. Watu watatu waliiteka ndege hiyo wakitaka ipelekwe Australia, na hawakumwamini rubani alipowaeleza kwamba mafuta hayangetosha. Walionusurika walisimulia kwamba Mohamed Amin alikuwa amesimama akijaribu kusema na watekaji. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija katika visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, yeye na Tetley wakiwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Alimwacha mkewe, Dolly, na mwana wao wa pekee, Salim, aliyezaliwa mwaka 1970 na kukua huku babake akiwa safarini. Salim ndiye aliyeirithi Camerapix, pamoja na mamilioni ya picha na maelfu ya saa za filamu zilizokuwa zimehifadhiwa Nairobi. Mwaka 2006 ilitoka filamu inayomfuata mwana huyo akimtafuta babake ndani ya mikanda hiyo.